KONA YA FUNDI: Pedali ya klachi ikilala chini, usikimbilie kushusha gia boksi

  

Toleo lililopita tuliongea juu ya betri. Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuongea juu ya rejeta, lakini limetokea jambo ambalo limetulazimisha kubadilisha mpango. Ni habari ya klachi. Wenzetu waliotoka Kongo na Burundi wamezoea kusema ambreyaji, lakini ni kitu kile kile. Habari yenyewe inatuhusu sisi, tena haitusifu. Tumejadiliana, wengine wakasema tunyamaze. Mwishowe tukakubaliana kuiandika, kwa sababu magari ya hapa kambini yanabeba watu wetu wenyewe.

ILIVYOKUWA

Mnajua kile kikundi cha familia nane kilichochanga hela kikanunua Hiace ya dizeli, ile inayopeleka maharage na mahindi sokoni. Gari lile tunalihudumia sisi. Tangu mwezi wa pili dereva alikuwa akija anatuambia, "Mafundi, mafuta ya klachi yamepungua tena." Sisi tunafungua boneti, tunaangalia kile kikopo kidogo cha plastiki, tunaona kweli yamepungua. Tunajaza, tunafunga, tunamwambia, "Haya, nenda, hakuna shida." Tulifanya hivyo mara tatu. Mara zote tatu hatukujiuliza: mafuta haya yanakwenda wapi?

Siku ya nne gari lilikuwa limepakia magunia, na mbele amekaa mama mmoja na mtoto wake mwenye homa kali, anampeleka hospitali. Wakiwa katikati ya mlima, dereva anakanyaga klachi apunguze gia, pedali ikalala chini kama kitambaa. Gia haitoki, haiingii. Injini ikazima. Gari zima la mzigo limesimama kwenye mteremko, mvua inanyesha, utingo anatafuta mawe ya kuweka nyuma ya magurudumu. Mama alishuka akamfunga mtoto mgongoni, akapanda bodaboda katika ile mvua. Tunashukuru kwamba mtoto alitibiwa na amerudi nyumbani. Lakini ile habari ilituuma, na inatuuma mpaka leo.

Gari likavutwa hadi mjini. Huko fundi mmoja alikanyaga pedali mara mbili, akatikisa kichwa, akasema, "Klachi pleti imekufa. Lazima gia boksi ishuke, mnunue seti nzima." Kikundi kikakaa kikao. Hela iliyokuwepo ilikuwa akiba ya karo ya watoto. Walikuwa wamekwisha kukubali kuitoa. Jioni mzee mmoja wa kikundi akatufuata karakana, akakaa juu ya tairi, akatuambia, "Wanangu, hii hela ni ya watoto. Niambieni ukweli, ni lazima?"

Asubuhi tukaondoka naye. Ngojeni kwanza tueleze jinsi klachi inavyofanya kazi, ndipo mtaelewa tulichokikuta.

KLACHI YA MAFUTA INAFANYAJE KAZI?

Klachi ndiyo inayounganisha injini na gia boksi, na ndiyo inayovitenganisha. Ukikanyaga pedali, nguvu ya injini inakatika, unaweza kubadilisha gia. Ukiachia, inashika tena.

Katika magari mengi nguvu ya mguu wako haipiti kwenye waya, inapita kwenye mafuta. Pedali inasukuma kijiti kinachoingia katika silinda ya juu, ambayo mafundi wanaiita masta. Masta inasukuma mafuta katika bomba jembamba la chuma, halafu katika kipande cha mpira, hadi silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi. Hii mafundi wanaiita sleva. Sleva inasukuma kijiti chake, kijiti kinasukuma uma, uma unasukuma beringi, na beringi inaiachisha klachi pleti.

Siri yote iko hapa: mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Chukua chupa iliyojaa maji pomoni, ifunge, jaribu kuiminya. Haikubali. Toa maji nusu, funga, minya tena. Inakubali, kwa sababu ndani kuna upepo. Ndivyo ilivyo katika klachi. Upepo kidogo ukiingia katika bomba, mguu wako unaminya upepo badala ya kusukuma sleva. Pedali inakuwa laini na gia zinalia.

Jambo la pili: ndani ya kila silinda kuna kikombe kidogo cha mpira kinachozuia mafuta yasipite. Kikombe kikichakaa au kikichanika, mafuta yanatoka au upepo unaingia. Kitu kidogo kuliko kifuniko cha soda kinaweza kusimamisha gari la mizigo mlimani.

Tena, haya mafuta hayachomwi kama dizeli. Hayaliwi na injini. Hata pleti ikichakaa polepole, haiyapunguzi mafuta haya. Kwa hiyo yakipungua kila wiki, ujue kuna mahali yanavuja. Hilo ndilo tulilolisahau mara tatu.

JINSI YA KUPIMA, HATUA KWA HATUA

Kabla ya yote: gari liwe mahali tambarare, handibreki juu, mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka gogo nene au stendi. Na watoto wafukuzeni hapo.

Hatua ya kwanza. Angalia kikopo cha mafuta. Yamefika wapi? Rangi yake ni ipi? Mafuta mazuri yanaonekana safi, ya manjano hafifu. Yakiwa meusi na yana takataka, mpira ndani unakwisha.

Katika baadhi ya magari klachi na breki zinakula kutoka kikopo kimoja. Kama gari lako ni la namna hiyo na mafuta yanakwisha, hilo si shauri la klachi tu, ni shauri la breki. Usiliendeshe mpaka limepimwa.

Hatua ya pili. Tafuta mahali panapovuja. Ingia ndani ya gari, piga tochi juu ya pedali, pale kijiti kinapoingia ukutani. Pakiwa na unyevu, masta inavuja. Fuata bomba lote mpaka chini, pangusa kwa kitambaa. Ukifika kwenye sleva, usiishie kuitazama kwa nje. Ina mfuko wa mpira unaozuia vumbi. Ukunje ule mfuko kwa kidole. Mafuta yakitiririka, umempata mwizi.

Hatua ya tatu. Pampu pedali mara kadhaa haraka haraka. Kama inapanda na kuwa ngumu kidogo, kisha baada ya muda inalegea tena, mara nyingi kuna upepo ndani.

Hatua ya nne. Kanyaga pedali, ishikilie chini kwa dakika moja, injini inanguruma na gia imeingia, lakini mguu wa pili uko kwenye breki na mbele hakuna mtu. Kama gari linaanza kusukuma polepole wakati mguu wako hujauondoa, na nje hakuna tone linalovuja, basi kikombe cha ndani ya masta kinapitisha mafuta. Kosa hili linadanganya mafundi wengi kwa sababu nje kila kitu ni kikavu.

Hatua ya tano, na hii ndiyo inayookoa hela. Zima injini. Mtu mmoja akanyage pedali mpaka mwisho, mwingine atazame kile kijiti cha sleva chini. Kinatoka kiasi gani? Mara nyingi kinatakiwa kutoka kama sentimita moja au zaidi kidogo. Kikitoka kidogo tu, au kisipotoka kabisa, ugonjwa uko kwenye mafuta: masta, bomba au sleva. Gia boksi iacheni mahali pake. Lakini kijiti kikitoka vizuri na gia bado hazikubali kuingia, hapo ndipo ugonjwa uko ndani: uma, beringi, presha pleti au klachi pleti yenyewe. Hapo kushusha gia boksi ni lazima.

Ndugu zetu, hii hatua ya tano haidai mashine wala hela. Inadai watu wawili na tochi.

TULICHOKIKUTA

Tulipofika mjini, mmoja wetu alikanyaga pedali, mwingine akalala chini na tochi. Kijiti kilitoka kiasi cha ukucha tu. Tukakunja ule mfuko wa mpira wa sleva. Mafuta yakamwagika mkononi, yamechanganyika na matope. Kumbe siku zote yalikuwa yanavujia mle ndani na kudondoka barabarani, na matope yalikuwa yanafuta alama. Sisi tulikuwa tumeangalia juu tu, hatukupata hata siku moja kukunja mfuko.

Tulifungua sleva pale pale. Mdomo wa kikombe cha mpira ulikuwa umechanika upande mmoja. Tukapitisha ukucha ndani ya silinda kuona kama kuna mashimo ya kutu. Ukucha ukikwama, usifanye mchezo, nunua silinda nzima, maana kikombe kipya kitachanika tena. Yetu ilikuwa na doa jepesi tu, tukaling'arisha kwa msasa laini sana wa maji na kuisafisha vizuri. Tukanunua ripea kiti, yaani vile vikombe na mfuko wake. Bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya seti ya klachi.

Jambo la kuangalia: usioshe vikombe vya mpira kwa petroli, dizeli wala mafuta ya taa. Vinavimba na kuharibika. Osha na upake kwa mafuta ya breki safi, yale yale utakayotia.

KUTOA UPEPO

Ukishafungua sehemu yoyote, upepo umeingia, na ni lazima utolewe. Fanyeni hivi, watu wawili:

1. Jaza kikopo cha juu. Tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe. Magari mengi ya hapa yameandikwa DOT 3. Usichanganye na DOT 5 ya silikoni.

2. Chini kwenye sleva kuna nati ndogo yenye tundu, inaitwa bleda. Mara nyingi inafunguliwa kwa spana namba 8 au 10. Vika kimpira chembamba kinachoonyesha ndani, na ncha yake izame katika mafuta kidogo ndani ya chupa.

3. Wa juu anakanyaga pedali taratibu hadi chini na kusema, "Nimeshika!" Hapo hatoi mguu.

4. Wa chini anafungua bleda nusu mzunguko. Mafuta na mapovu yanatoka. Anafunga, kisha anasema, "Achia!" Mkiachia kabla ya kufunga, mnavuta upepo upya, kazi yote bure.

5. Rudieni mpaka mapovu yaishe kabisa. Kila baada ya mara nne au tano angalieni kikopo cha juu, kisikauke. Kikikauka, mnaanza mwanzo.

6. Mafuta yaliyotoka msiyarudishe. Yana upepo na uchafu.

Sisi tulikanyaga zaidi ya mara ishirini. Pedali ikapanda, ikawa na nguvu. Kijiti kikatoka vizuri. Gari likapanda mlima ule ule.

MAFUTA YENYEWE

Tumekuta watu wametia mafuta ya injini, mafuta ya kupikia, hata maji ya sabuni, eti "ya kufikia nyumbani". Wapendwa, msifanye hivyo. Mafuta ya injini yanavimbisha mpira, na mpira ukivimba inabidi kubadilisha vikombe vyote vya juu na chini. Maji yanaleta kutu.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanywa unyevu kiwango chake kinashuka mpaka kama 140. Kwa hiyo kopo lililokaa wazi msimu mzima wa mvua si la kutumainiwa, hasa kwenye breki. Nunueni kopo dogo, lifungwe vizuri.

Akina mama na akina baba, hapa sikieni sana. Haya mafuta ni sumu. Nyumbani kwetu tunapenda kuhifadhi kila kitu katika chupa za soda. Mafuta ya breki katika chupa ya soda chini ya kitanda, rangi yake ya manjano, mtoto atajua nini? Yaacheni katika kopo lake, juu, mbali na watoto. Wala fundi asiyavute kwa mdomo na mpira. Mtoto akiyanywa, msimtapishe na msingoje kuona atakuwaje. Mkimbizeni kituo cha afya mara moja, na mchukue kopo mkamwonyeshe daktari. Yakiingia jichoni, osheni kwa maji mengi safi kwa dakika kama kumi na tano, kisha muende kituoni.

UKIKWAMA NJIANI

Dereva, ukipoteza klachi mbali na watu, jaribu kwanza kupampu pedali. Pengine utapata gia moja. Ikikataa kabisa, magari mengi ya zamani yanaweza kuondoka hivi: zima injini, ingiza gia ya kwanza, hakikisha mbele hakuna mtu hata mmoja, piga stata. Gari litaruka kidogo na kwenda. Ili kusimama, punguza mwendo, toa gia uweke fri, ukanyage breki. Ni kwa ajili ya kuliondoa gari mahali pa hatari tu, si kwa kuendesha sokoni au penye watoto. Magari mapya mengi hayakubali kuwaka bila klachi kukanyagwa, na hapo ni kuvutwa.

MASWALI YENU

Msomaji mmoja ametuuliza: "Injini ya gari yangu inanguruma sana mlimani lakini gari haipandi. Nitoe upepo?"

Hapana, ndugu. Upepo unaifanya klachi isiachie. Yako haishiki, inateleza. Pengine pleti imekwisha au imelowa mafuta. Lakini kabla ya kuinunua, bonyeza pedali kwa mkono uone kama ina nafasi kidogo ya kucheza juu. Isipocheza, kijiti cha masta kinabana na mafuta hayarudi. Halafu, gari linapoteleza, fungua bleda kidogo. Mafuta yakiruka kwa nguvu na klachi ikashika, kuna mahali pameziba, mara nyingi ni ule mpira uliovimba kwa ndani.

Mwingine, mwenye bodaboda, anauliza kama haya yanamhusu. Pikipiki nyingi za hapa zina klachi ya waya, hazina mafuta. Angalia tu waya haujaanza kukatika nyuzi, upake oili, na mkono wa klachi uwe na nafasi ya kucheza kama milimita 10 hadi 20 nchani.

MWISHO

Tuliporudi tulikwenda kwenye kikao cha zile familia nane. Tuliwaambia wazi: kosa la kwanza lilikuwa la kwetu. Tulijaza mara tatu, hatukutafuta. Yule mama alikuwepo, mtoto amempakata. Hakutukemea. Alituuliza tu, "Sasa mtajuaje safari nyingine?"

Swali lile lilitushinda kujibu palepale. Baadaye tulinunua daftari la shule, tukalifunga kwa kamba ndani ya ile Hiace. Kila mtu anayetia mafuta yoyote anaandika tarehe, ametia nini, kiasi gani, na jina lake. Ikionekana mafuta ya klachi au ya breki yameongezwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, gari halitoki mpaka panapovuja pameonekana. Kwenye kikopo tumechora mstari kwa kalamu. Mpaka tunapoandika haya, mafuta yako pale pale kwenye mstari.

Akiba ya karo haikuguswa, isipokuwa zile shilingi kidogo za ripea kiti, na hizo karakana imeahidi kuzirudisha.

Wenye magari wengine hapa kambini, njooni tuwape mfano wa daftari hilo, ni bure. Na vijana mnaopenda kujifunza ufundi, wasichana kwa wavulana, mlango wetu uko wazi. Ufundi ni mzigo usiolemea: siku ya kurudi nyumbani, au ya kwenda kwingine, utauchukua bila kulipia nauli.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaongea juu ya rejeta kama tulivyoahidi. Leteni maswali yenu karakana au kwa viongozi wa zoni zenu. Tunawatakia safari njema.

Ni sisi mafundi wenu wa karakana.